Mikoko ya Tudor ilihesabiwa kitambo, mbona hatujasomewa hesabu?

Wewe unayevuka Daraja la Nyali kila asubuhi ukiwa umening'inia mlangoni mwa matatu, nikuulize kitu kidogo. Hayo maji chini yako yanaingia hadi wapi? Wengi wetu tutajibu "si ni bahari tu, bana". Ni mkono wa bahari wa Tudor. Unapita ubavuni mwa kisiwa, unaacha Kisauni na Mishomoroni upande mmoja na mtaa wa Tudor upande wa pili, kisha unazidi kuingia ndani hadi nyuma ya nyumba za Mikindani. Kandokando yake kulikuwa na msitu mkubwa wa mikoko. Nasema kulikuwa kwa sababu kuna watu walioupima.

Mwaka 2014 mtafiti Jared Bosire na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la kisayansi liitwalo Biogeosciences. Walichukua ramani ya mikoko ya 1992, wakailinganisha na picha za setilaiti za 1994, 2000 na 2009, halafu wakaingia matopeni wenyewe kupima miti. Walichopata ni kwamba kati ya 1992 na 2009, Tudor ilipoteza asilimia 86.9 ya mikoko yake. Mwache, jirani yake, ilipoteza asilimia 45.4.

Soma tena polepole. Kwa kila ekari mia za msitu, zilibaki kama kumi na tatu. Wakati huo wastani wa nchi nzima ulikuwa kupungua kwa asilimia 0.7 kwa mwaka. Tudor ilikuwa inakwenda kwa asilimia 5.1. Hiyo ni mara saba ya wastani, tena ndani ya mji wa pili kwa ukubwa Kenya, mchana kweupe, watu wakipita juu ya daraja na vipokea sauti masikioni.

Miaka hiyo ndiyo wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlizaliwa, mkafunzwa kutembea na mkapelekwa chekechea. Msitu uliisha tukiwa hapo hapo. Na hesabu yake imekuwepo tangu 2014. Sasa niambie, ni nani alikuja mtaani kwenu akakusomea?

Ukweli ni kwamba hilo andiko ni la bure. Halijafungiwa nyuma ya malipo ya dola kama mengine mengi. Ukiwa na bando la shilingi ishirini unalifungua kwa simu. Lakini limeandikwa Kiingereza cha wataalamu wanaoongea na wataalamu wenzao. Mimi chuo sikumaliza, niliacha karo iliponishinda, ila Kiingereza nasoma kila siku, na bado lilinichukua usiku kadhaa kulielewa. Je, mvuvi wa Mishomoroni anayeulizwa maswali na wanafunzi wa utafiti kila mwaka? Je, mama anayeuza samaki wa kukaanga Mikindani, ambaye dagaa na kamba zake zinakulia kwenye mizizi hiyo hiyo? Hao ndio wenye haja kubwa zaidi na hiyo hesabu, na ndio wa mwisho kuipata. Wengine hawaipati kabisa.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Ukifungua maandiko ya kisayansi kuhusu mikoko ya Kenya, katikati ya Kiingereza hicho kizito unakutana na maneno yaliyoandikwa kwa herufi za kulala: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hayo ni madaraja ya ukubwa wa miti. Fito ndiyo nyembamba, nguzo ndiyo nene, na kati yao kila unene una jina lake na bei yake. Wanasayansi walipotaka kuupanga msitu kwa unene wa miti, walikuta wakata miti wa Pwani wameshaupanga zamani sana. Wakachukua mpango ule ule. Vile vile majina ya miti yenyewe. Mtu wa mji anaona "mikoko" tu, kijani moja iliyosimama kwenye tope. Mtu wa Gazi au Lamu anakutajia mkoko, mchu, mkandaa, mlilana, muia, mkomafi. Kenya ina aina tisa na zina majina ya Kiswahili kitambo.

Yaani Kiswahili kiliingia kwenye utafiti kama malighafi. Kikatoka kama Kiingereza. Na sisi tunauziwa bidhaa tusiyoweza kuisoma. Hii ndiyo biashara tuliyozoea na kahawa na chai, sasa tumeifanya na maarifa.

Na kama unadhani mikoko ni mambo ya vijijini, nenda Mji wa Kale. Ingia nyumba yoyote ya zamani ya mawe, angalia juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Utaona pia kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba. Watu wa majengo wanaeleza kwamba upana wa chumba ulifuata urefu ambao boriti ingeweza kubeba bila kupinda, mita tatu hivi au pungufu. Fikiria hilo. Umbo la vyumba vya Mombasa, Lamu na Zanzibar, mahali ambapo watu walioana, wakazaliwa na wakafia, lilipimwa na mti wa matopeni. Jahazi zikabeba boriti hizo hizo mpaka Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Tunapiga selfi mbele ya milango ya nakshi, tunasema huu ndio utamaduni wetu. Huo utamaduni una shina, na shina liko Tudor linanuka chooni.

Ndiyo, chooni. Hilo nalo lilipimwa. Kati ya 2005 na 2008 kulikuwa na mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, jina lake PUMPSEA, ulioangalia mikoko ya pembezoni mwa miji katika Afrika Mashariki na Msumbiji: Mombasa, Dar es Salaam na Maputo. Swali lao lilikuwa kama mikoko inaweza kuchuja maji taka ya nyumbani kabla hayajafika baharini. Hapa kwetu walifanya kazi Mikindani. Sina tatizo na swali hilo, ni swali zuri sana, na kwa kweli mikoko ina uwezo wa kunyonya sehemu ya uchafu huo. Lakini angalia jinsi ilivyokaa. Maji taka ni yetu. Tope ni letu. Mti ni wetu. Na vijana wangapi wa Mikindani leo wanajua kwamba kinyesi cha mtaa wao kiliwahi kuwa sayansi ya kimataifa? Wangejua, wangekuwa na la kumuuliza mheshimiwa anapokuja kuomba kura: mbona mti unafanyishwa kazi ya mtambo wa maji taka ambao hamjatujengea?

Nieleweke. Siandiki kuwapiga vita wasomi. Mtu anayesimama kwenye tope la kiuno, jua la Februari linachoma, anahesabu miche mmoja mmoja, mimi namvulia kofia. Na wako waliofanya mambo yakaenda tofauti.

Shuka Kwale, fika Gazi. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina kituo pale kijijini. Dkt James Kairo na wenzake walianza kurudisha mikoko iliyokatwa huko tangu miaka ya 1990. Wabelgiji wa chuo kikuu cha VUB wamekuja na kurudi kwa miaka mingi, na wa Edinburgh Napier kule Scotland vile vile. Lakini tofauti ya Gazi ni kwamba watafiti walikaa. Wakazi walijua wanapima nini na kwa nini. Mwaka 2013 ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni, wa kwanza duniani wa jamii kuuza mikopo ya kaboni kutokana na mikoko. Eneo lenyewe ni hekta 117 tu. Kinachouzwa ni ile hewa ya kaboni ambayo miti na tope lake vinaishika badala ya kuiachia angani, na pesa zimeingia kwenye maji ya kijiji na shule. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata na mradi wao wa hekta 460.

Kuna ubishi mwingi kuhusu biashara ya kaboni, na mingine ni ya haki kabisa. Mtu tajiri Ulaya anaendelea kuruka na ndege, sisi tunalinda mti. Siku nyingine tutaongea hilo. Ninachotaka uone hapa ni kwamba mwanakijiji wa Gazi anajua hekta ngapi, tani ngapi, pesa ngapi, zimeenda wapi. Tope ni lile lile la Tudor, miti ni ile ile. Tofauti ni kwamba pale hesabu ilisomwa kwa sauti.

Huku mjini sisi tumepata nini? Tumepata siku za kupanda miti. Mnazijua. Tisheti mpya, chupa ya maji, mheshimiwa amechelewa saa tatu, kampuni fulani imeleta bango. Mbogi nzima inaingia kwenye tope, kila mtu anachomeka mbegu moja ndefu kama kalamu, picha zinapigwa, saa saba watu wako kwenye pilau. Baada ya miezi sita rudi uangalie kilichosalia.

Hapa ndipo kutosoma utafiti kunapogeuka hasara ya kushikika. Ile mbegu ndefu ni ya mkoko. Tunaichomeka kila mahali kwa sababu ni rahisi: unaiokota, unaidunga, kazi imeisha. Lakini mikoko haioti kiholela. Mlilana ndio unaosimama mbele, unapigwa na mawimbi. Mkoko unapenda nyuma yake, penye tope linalofunikwa na maji mara kwa mara. Mkandaa unapenda ndani zaidi. Mchu ni wa ajabu, unaweza kuukuta ukingoni mwa bahari na tena huko juu karibu na nchi kavu penye chumvi kali. Ukidunga mkoko mahali pa mlilana, wimbi linauchukua. Ukiudunga juu kabisa penye chumvi, unakauka. Halafu kuna kaa, ambao hula mbegu changa kabla hazijashika mizizi. Watafiti wamewachunguza hao hao kaa pale Gazi tangu miaka ya 1990. Kila mvuvi mzee anajua mti gani unasimama wapi. Kila mtafiti wa mikoko anajua. Anayeshika kipaza sauti siku ya kupanda ndiye mara nyingi hajui, na hakuna aliyemwekea karatasi mkononi.

Nikiwa kwenye kaa, acha nikupe moja ya kufurahisha, maana sayansi si mazishi kila siku. Kuna kaa mdogo wa mikokoni hapa Pwani ambaye anapanda mti mara mbili kwa siku, kutoka mizizini hadi kwenye majani kula, anashuka, anapanda tena. Renison Ruwa wa KMFRI na Mwitaliano Marco Vannini waliandika kumhusu mwaka 1994. Anaenda kazini asubuhi, anarudi, anaenda shifti ya pili. Huyo ni Mombasa kabisa. Ungekuwa ni mnyama wa Marekani angekuwa na katuni yake. Sisi tukisema wanyamapori tunawaza ndovu wa Tsavo, mgeni amevaa kofia na gari limefunguka juu. Kaa wa Tudor hana hata jina mtaani zaidi ya "kaa".

Mtu ataniambia: hata vijana wakisoma, watafanya nini? Utafiti haufungi bomba la maji taka. Haumzuii mtu mwenye njaa kukata kuni, wala hauzimi ile mitambo ya chang'aa iliyojificha mikokoni. Ni kweli karatasi peke yake haifanyi kitu. Lakini hapo hapo Mombasa tuna mfano wa karatasi iliyofanya kitu, na hauko mbali na hori hii. Owino Uhuru iko upande wa Mikindani. Kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi humo, alimpeleka mtoto wake hospitali, vipimo vikaonyesha madini ya risasi kwenye damu. Hakukaa na karatasi hiyo kabatini. Watoto wengine wa mtaa wakapimwa damu, ikawa ni ile ile hadithi. Wakazi walioelewa namba zao wakaandamana. Kiwanda kikafungwa 2014, Omido akapata Tuzo ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikapindua uamuzi huo 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Kesi nzima hiyo ilisimama juu ya vipimo vya maabara ambavyo watu wa kawaida walivishika mkononi wakajua vinasema nini.

Sasa weka hiyo pembeni ya asilimia 86.9. Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kutunza mazingira, na ilinde maarifa asilia ya jamii kuhusu viumbe. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Mikoko yenyewe ni msitu wa serikali tangu tangazo la kikoloni la 1932. Kwa hivyo msitu ni wa umma, utafiti mwingi umefanywa na taasisi ya umma au kwa kibali cha umma, na lugha ya umma inajulikana. Kiunganishi kimoja tu ndicho kimekosekana.

Na kinaweza kuwekwa bila bajeti mpya. Mtafiti yeyote, awe Mkenya au mgeni, lazima apate leseni ya NACOSTI. Kabla ya kuanza, anatakiwa kujitambulisha kwa maafisa wa kaunti. Akimaliza, anatakiwa kuwasilisha nakala ya ripoti yake kwa tume hiyo. Waongeze sharti moja: ukurasa mmoja wa Kiswahili, lugha ya kawaida, unaosema tulipima nini, wapi, tukapata nini, na nani alitusaidia. Uachwe kwa chifu, kwa kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na kwenye shule ya msingi iliyo karibu. Ukurasa mmoja! Mtu aliyeandika kurasa mia mbili za shahada ya uzamifu hawezi kushindwa na mmoja. Na kama Kiswahili kimemlemea, Pwani hii imejaa vijana waliosoma Kiswahili hadi kidato cha nne na wako maskani hawana kazi. Awalipe watafsiri. Tayari anamlipa dereva na mwenye mashua.

Wasomi wa vyuo vyetu hapa Pwani nao hawana kisingizio. Wengi wao ni watoto wa hapa hapa, nyumbani wanaongea Kimvita au Kidigo na mama zao. Nimewasikia wengine wakisema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Tafadhali. Lugha iliyoupanga msitu mzima kwa unene wa miti, na chuo kikuu kikaazima huo mpango, unaniambia haina maneno?

Upande wetu nao kuna kazi. Tuko wengi tunaoandika, tunaorekodi, tunaopiga kelele mitandaoni kuhusu mpira na nani ameachana na nani. Nami nimo, sijitoi. Matatu zetu zinachorwa wachezaji na wanamuziki kutoka pande zote za dunia, na wachoraji wetu ni moto. Sijaona hata moja iliyochorwa mlilana. Redio za Pwani zina vipindi vya saa tatu vya gumzo. Kuna kitu kinazuia mtangazaji kumwita mtafiti na mvuvi kwenye meza moja na kuwauliza samaki wameenda wapi?

Nimeanza na lile andiko la Tudor. Nimelipunguza likawa kurasa mbili za Kiswahili, bado ni ndefu kwa moja. Kuna neno limenikwamisha, kile kipimo chao cha msitu uliokomaa na msitu uliodumaa, wenyewe wana jina lake la kihesabu. Nikampigia simu mjomba anayevua Mishomoroni. Kwanza aliniuliza nani amesema asilimia themanini na sita. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na walipokuja hapa na kamba zao za kupimia, mimi ndiye niliyewavusha."